Lugha Mbili Chini ya Karpati

Mpaka kati ya Slovakia na Ukraine ni mfupi kuliko barabara ya kutoka Mombasa hadi Malindi. Una kilomita zipatazo 97, na sehemu yake kubwa inapita kwenye vilima na misitu ya Karpati kabla ya kushuka bondeni kuelekea mto Tisza. Magharibi mwake watu huandika kwa herufi za Kilatini na hulipa kwa yuro. Mashariki huandika kwa herufi za Kikirili na hulipa kwa hryvnia. Hata reli hazilingani: ya Slovakia ina upana wa milimita 1,435, ya Ukraine 1,520, na kwa sababu hiyo shehena kutoka mashariki hupakuliwa na kupakiwa upya katika kituo cha Čierna nad Tisou.

Wanaisimu nao wamechora mpaka wao papo hapo. Kislovakia wamekiweka katika tawi la magharibi la lugha za Kislavi, pamoja na Kicheki na Kipolandi. Kiukraini kiko tawi la mashariki, pamoja na Kibelarusi na Kirusi. Nilifunga safari ili niusikie mpaka huo kwa masikio yangu.

Safari ilianzia Bratislava, chini ya magofu ya ngome ya Devín, pale mto Morava unapoingia Danube. Mwaka 863 ndugu wawili wa Thesalonike, Kirili na Methodi, walitumwa kutoka Konstantinopoli kwenda Moravia Kuu, dola ya Waslavi iliyokumbatia sehemu ya nchi ambayo leo ni Slovakia. Walibuni herufi za Kiglagoliti ili Waslavi wasome neno la Mungu kwa lugha yao. Herufi za Kikirili, zinazobeba jina la mmoja wao, zilizaliwa baadaye huko Bulgaria. Historia ikageuka: Waslovakia, wazao wa wale waliopelekewa ujumbe ule, wanaandika Kilatini, na Waukraini, ambao ujumbe wa 863 haukuelekezwa kwao, ndio wenye herufi za Kirili. Sisi tulioona Kiswahili kikihama kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kilatini na kubaki Kiswahili kile kile hatuwezi kudanganywa na hati. Hati ni nguo tu. Anayetaka kujua udugu wa lugha hizi azisikilize.

Kislovakia kinasikika vizuri kwenye treni ya kwenda Košice, ambayo hufuata bonde la mto Váh hadi ukaona vilele vya Tatra upande wa kushoto karibu na Poprad. Sikio la Mswahili hushangazwa kwanza na mkazo. Kila neno hupigwa mwanzoni, liwe fupi au refu, bila ubaguzi. Kisha kuna irabu ndefu na fupi, ambazo huandikwa wazi: alama iliyo juu ya á au ú ni amri ya kuivuta sauti. Hata urefu huo una sheria yake, kwa kuwa katika neno moja silabi mbili ndefu kwa kawaida hazifuatani. Halafu yapo maneno yasiyo na irabu kabisa: prst ni kidole, vlk ni mbwamwitu, krv ni damu. R na L hufanya kazi ya irabu, na zenyewe zinaweza kuvutwa, kama katika vŕba, jina la mti unaoota kando ya mito yao.

Vuka mpaka na maneno hayo hayo hupata hewa. Kwa Kiukraini damu ni krov, mti ule ni verba, mbwamwitu ni vovk. Mkazo nao hauna makao maalumu. Huweza kuangukia silabi yoyote na kubadilisha maana. Zamok ukiipiga mwanzoni ni kasri, ukiipiga mwishoni ni kufuli. Sisi tunaojua tofauti ya barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tofauti moja kati ya lugha hizi ina mpangilio wa ajabu, na mtu akiishika amepata ufunguo wa mamia ya maneno. Pale ambapo Kislovakia kina konsonanti ikifuatwa na la, ra, le au re, Kiukraini mara nyingi huweka irabu pande zote mbili. Hlava, yaani kichwa, huwa holova. Krava, ng'ombe, huwa korova. Zlato, dhahabu, huwa zoloto. Mlieko, maziwa, huwa moloko. Kwetu pia mambo haya yapo: wa Unguja akisema mchele, macho na kucheka, wa Mombasa wa asili husema mtele, mato na kuteka, na hakuna anayehitaji mkalimani maana sikio limeshajua njia ya ch kwenda t. Mslovakia anayesikia Kiukraini kwa wiki chache hujifunza njia ya hlava kwenda holova bila kufundishwa.

Ratiba ya mabasi inaonyesha jambo hilo waziwazi. Jumatano kwa Kislovakia ni streda, kwa Kiukraini sereda. Jumapili ni nedeľa kwa hawa na nedilia kwa wale. Wiki ni týždeň na tyzhden. Hapa wote wawili wanatengana na Kirusi, ambacho hutumia nedelia kwa maana ya wiki nzima. Lakini ukifika kwenye mwezi, udugu unakatika ghafla. Waslovakia wana január, február na wenzake, majina ya Kilatini yanayojulikana dunia nzima. Waukraini wameshikilia majina ya Kislavi yanayosimulia mwaka wa mkulima: Agosti ni serpen, mwezi wa mundu; Novemba ni lystopad, majani yanapoanguka; Februari ni liutyi, mwezi mkali. Msafiri asiyejua hayo husimama mbele ya tiketi yake asijue anaondoka lini.

Košice ni mji wa pili kwa ukubwa Slovakia, na tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote, umekuwa mlango wa wakimbizi. Walipita Vyšné Nemecké na Ubľa, vituo vya mpakani ambavyo majina yake hayakujulikana mbali, wengi wao wanawake na watoto. Zaidi ya watu laki moja walibaki Slovakia wakiwa na hifadhi ya muda. Watu hao ndio wanaofanya ulinganisho wa lugha hizi kila siku, kazini, shuleni, dukani, bila kitabu mkononi.

Mama mmoja kutoka Kharkiv, anayefanya kazi katika duka la mikate karibu na barabara kuu ya Košice, alinieleza kilichomkuta alipofika. Aliona tangazo lenye neno čerstvý likining'inia juu ya mikate. Kwa Kiukraini cherstvyi ni mkate uliolala, ule mgumu wa jana. Hakuelewa kwa nini mwenye duka atangaze mikate iliyolala kwa herufi kubwa namna ile. Kwa Kislovakia čerstvý ni mkate wa leo, uliotoka jikoni sasa hivi. Alikata kipande akakibonyeza kwa kidole gumba mbele yangu, ganda likapasuka, kikatoa mvuke. "Hiki ndicho čerstvý," alisema, kisha akatafuta neno la kwao lenye maana hiyo, svizhyi, na mwenzake wa Kislovakia akadakia kutoka nyuma ya kaunta kwamba hata wao wana svieži. Mkate wenyewe hauna utata: chlieb kwa huyu, khlib kwa yule.

Mitego ya aina hiyo iko mingi sokoni. Ovocie kwa Kislovakia ni matunda. Ovochi kwa Kiukraini sanifu ni mboga. Robota kwa Mslovakia ni kazi ya shokoa waliyofanyishwa babu zake na makabaila, na kazi ya kawaida huita práca. Kwa Mukraini robota ni kazi tu ya kila siku, ingawa naye anayo pratsia. Neno tak ni "ndiyo" kwa Kiukraini, lakini kwa Kislovakia ni "basi" au "hivyo", na mazungumzo ya simu yanaweza kwenda mbali kila mmoja akidhani mwenzake amekubali.

Hata hivyo, jikoni ndiko nilikoona jinsi walivyo karibu. Sukari ni cukor na tsukor, tofauti ni tahajia tu. Kitunguu ni cibuľa na tsybulia. Chumvi ni soľ na sil. Rangi ni farba kwa wote wawili, neno lililotoka Ujerumani. Asante ni ďakujem na diakuiu. Kwa maneno haya yote, isipokuwa chumvi, Kirusi kina neno jingine. Mwanaisimu Kostiantyn Tyshchenko wa Kyiv alipolinganisha misamiati, aliona kwamba Kiukraini kinashirikiana na Kislovakia kwa takriban asilimia 66 ya maneno, ilhali na Kirusi ni kwa asilimia 62. Zilizo karibu zaidi nacho ni Kibelarusi, kisha Kipolandi. Tarakimu za namna hii hutegemea orodha ya maneno iliyotumika, kwa hiyo sizichukui kama mizani ya dhahabu, lakini yeyote aliyesimama katika duka la Košice ataziamini.

Mabasi ya kwenda Uzhhorod, ng'ambo ya mpaka, hupita Michalovce na Sobrance, safari ya kilomita mia moja hivi. Saa husogezwa mbele kwa saa moja mpakani, ingawa wakazi wengi wa upande ule, hasa Wahungari, huendelea kupanga mambo yao kwa saa ya Ulaya ya Kati. Jina la mji lenyewe ni somo. Mji umesimama kando ya mto ambao Waslovakia huuita Uh na Waukraini Uzh. Sehemu ya pili, horod, ni neno la kale la mji wenye boma. Kwa Kislovakia neno hilo hilo, kwa kanuni ile ile ya hlava na holova, ni hrad, yaani ngome. Na ngome ipo kweli, juu ya kilima katikati ya mji.

Kila asubuhi saa tatu, kama ilivyo Ukraine nzima tangu Machi 2022, watu husimama kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliouawa vitani. Magari husimama pia. Baada ya hapo maisha yanaendelea, na ukingo wa mto, uliopandwa mamia ya milindeni, hujaa watembezi. Miti hiyo ilipandwa wakati wa Chekoslovakia. Kuanzia 1919 hadi vurugu za 1938 na 1939 mkoa huu ulikuwa sehemu ya Chekoslovakia, na mtaa wa Galagov, wenye majengo ya serikali ya wakati ule, bado una sura ya mji wa Kicheki. Mwaka 1945 mkoa ukakabidhiwa Umoja wa Kisovyeti. Mtu aliyezaliwa hapa kabla ya 1918 na kufariki baada ya 1991 aliishi chini ya dola kadhaa bila kuhama nyumba.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisikia sauti zenyewe kwa makini. Waslovakia wana herufi ô, inayotamkwa uo: stôl ni meza, kôň ni farasi, nôž ni kisu. Kiukraini kimeipeleka sauti hiyo ya zamani hadi kwenye i: stil, kin, nizh. Hata maneno ya kukopa yalipita njia hiyo, kama waya, drôt na drit. Vitabu vya sarufi huieleza kanuni hii kwa kurasa nyingi. Sokoni Uzhhorod muuza visu anasema nizh, mteja aliyevuka kutoka Sobrance anasema nôž, bei inapatikana, na kila mmoja anaendelea na lugha yake.

Sarufi ina mengi, nami nitachukua mawili. Waukraini wana umbo maalumu la kumwitia mtu, na wanalitumia daima. Profesa hutajwa profesor, lakini akiitwa ni "pane profesore". Mama ni mama, lakini mtoto akimwita ni "mamo". Kislovakia kilikuwa na umbo hilo, kikaliacha, na leo mwanafunzi husema "pán profesor" awe anamtaja au anamwita. Yamebaki masalia machache tu, kama bože, anapoitwa Mungu. Jambo la pili ni kitenzi cha kuwa. Mukraini husema "mimi mwalimu", kama nasi tusemavyo tukitaka. Mslovakia hawezi, lazima aseme som, na neno hilo humfuata hata anaposimulia ya jana. "Nilikuwa" kwake ni bol som, kwa Mukraini ni ya buv. Vitabu viko sahihi hapa, kwani haya ni matawi mawili.

Vitabu vinapokosea ni katika kutufanya tudhani kuna ukuta. Katikati yao wanaishi Warusini, watu wa milima wenye makanisa ya mbao, na lugha yao ni daraja lenyewe. Ni ya Kislavi cha Mashariki, husema holova na korova, lakini imejaa maneno ya Kislovakia, Kipolandi na Kihungari. Slovakia iliisanifisha rasmi mwaka 1995, na Chuo Kikuu cha Prešov kinaifundisha. Katika sensa ya 2021, watu zaidi ya 23,000 nchini humo walijiandikisha kuwa Warusini. Wazazi wa msanii Andy Warhol walitoka kijiji chao cha Miková, na jumba la makumbusho lenye kazi zake lipo karibu, Medzilaborce. Ng'ambo ya mpaka, Ukraine huihesabu lugha ya Warusini kuwa lahaja ya Kiukraini. Swali hilo huwaumiza wengi. Miaka ya 1950 serikali ya Chekoslovakia iliamuru shule za Warusini zifundishe kwa Kiukraini sanifu, lugha ambayo watoto hawakuisikia nyumbani. Wazazi wengi waliona heri shule za Kislovakia, na vijiji vizima vikaacha lugha ya mababu. Nadhani ule ulikuwa uamuzi mbaya, uliofanywa na watu waliotazama ramani badala ya kusikiliza vijiji.

Daraja halianzii kwa Warusini wala haliishii kwao. Kislovakia cha mashariki, cha Šariš na Zemplín, kimeacha irabu ndefu na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale tunapouweka sisi. Kiazi kwa Kislovakia sanifu ni zemiak na kwa Kiukraini sanifu ni kartoplia, lakini wanavijiji wa pande zote mbili hutumia krumple au krumpli, kwa kuwa wote walikaa karne nyingi chini ya taji la Hungaria.

Kukaa chini ya taji la mwingine ndiko kulikozifanya lugha hizi zifanane kwa jambo ambalo halimo katika sarufi. Ľudovít Štúr na wenzake walikubaliana juu ya Kislovakia sanifu mwaka 1843, wakikijenga juu ya lahaja za Slovakia ya kati. Miaka mitatu kabla, Taras Shevchenko alikuwa ametoa Kobzar, diwani iliyothibitisha kwamba lugha ya wakulima wa Ukraine inabeba mashairi ya hali ya juu. Mwaka 1863 Waslovakia walianzisha Matica slovenská, taasisi ya utamaduni wao, wakiadhimisha miaka elfu moja tangu kufika kwa Kirili na Methodi. Mwaka huo huo waziri wa mambo ya ndani wa Urusi, Valuev, alizuia vitabu vya dini na vya kufundishia kwa Kiukraini. Katika 1874 na 1875 serikali ya Hungaria ilifunga shule zote tatu za sekondari za Waslovakia, kisha Matica yenyewe. Mwaka uliofuata, 1876, mfalme Alexander II akiwa mapumzikoni Bad Ems alitia saini amri iliyopiga marufuku uchapaji wa vitabu kwa Kiukraini karibu wote, hata maigizo. Budapest na Petersburg hazikuwa na haja ya kushauriana. Zilikuwa na woga mmoja.

Kiukraini kiliendelea kuandamwa hata ndani ya alfabeti yake. Kina sauti ya h, kama Kislovakia: mlima ni hora kwa wote wawili, si gora kama kwa Warusi. Sauti ya g ilikuwa na herufi yake, ґ. Wasovyeti waliifuta mwaka 1933, ikarudishwa 1990, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nimeiona imechorwa peke yake, kubwa, kwenye fulana za vijana wa Uzhhorod.

Kijana wa Afrika Mashariki anayefikiria kusoma Košice, au anayengoja vita viishe ili arudi chuoni Uzhhorod, nimpe ushauri mmoja. Usikubali kuambiwa kwamba Kirusi kidogo kitakutosha pande zote mbili. Jifunze herufi 33 za Kiukraini, kazi ya siku chache, kisha chukua lugha ya mji utakaokaa. Ukiijua moja vizuri, utamsikia jirani yake. Na ukiwa dukani Košice, nunua mkate ulioandikwa čerstvý. Ng'ambo ya mpaka, uuache.